Sauti ya Pili ya Mama Upendo

Mwalimu Zakaria tulimzika mwezi uliopita, siku ya baridi ya kawaida tu, ile ambayo Waswidi hawaitaji na sisi hatuchoki kuitaja hata baada ya kuzeeka nayo. Kutoka makaburini tulirudi kwenye ukumbi wa kanisa, tukala pilau na saladi ya viazi, na watu wakaanza kusimama mmoja mmoja kumsifu. Msibani kila marehemu ni malaika, nami zamu yangu ilipofika nilisema yale yanayosemwa: alikuwa mkarimu, aliongoza kwaya ya Waswahili wa Stockholm muda mrefu kuliko mtu yeyote, alinipa chumba nilipokuwa mwanafunzi sina mbele wala nyuma. Nikakaa. Mjane wake, Mama Upendo, alikuwa kiti cha pembeni, kanga imemfunika mpaka kidevuni, na uzee wake wote haujampunguzia nguvu za vidole. Akanifinya paja. “Wewe Zuhura,” akaninong'oneza, “umechagua nyama tu, mfupa umeuacha. Mwaka ule mbona hujausema?” Nikamwambia mambo yale si ya kusema mbele za watu. “Basi yaandike,” akasema. “Kiswahili chako kingali kizuri. Wajukuu wangu watatafsiriwa.” Ndiyo maana ninaandika, na lawama zote apelekewe yeye.

Mwaka ule nilikuwa mpangaji wao Hagsätra, mwisho kabisa wa reli, ambapo treni ikifika dereva anashuka na kutembea mpaka upande wa pili ili arudi alikotoka. Chumba changu kilikuwa na kitanda, meza, na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Ukuta mmoja ulipakana na jiko, na ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nilijua chai imechemka kabla aliyeibandika hajajua. Nilisikia kila kitu: redio ikitangaza theluji kwa sauti ya mtu asiye na haraka, Mama Upendo akisukuma maandazi kwa chupa tupu kwa kuwa hakuuamini mti wa kusukumia wa dukani, binti yao Upendo, wakati ule bado mtoto wa shule ya msingi, akiulizwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiswidi. Mama anauliza, “Umepiga mswaki?” Mtoto anajibu, “Ja, mamma, redan,” yaani ndiyo, tayari, na wote wawili wanaendelea na shughuli zao kama watu wa lugha moja. Maandazi yale yalijaa iliki. Huku iliki iko kila duka, wenyeji wanaitia kwenye mikate yao ya kahawa, na Mama Upendo alisema hilo ndilo jambo la kwanza lililomfanya aamini kwamba nchi hii ina watu. Alifanya kazi kwenye nyumba ya wazee na kurudi mchana miguu imevimba. Mwalimu alikuwa fundi wa kiwanda cha malori Södertälje, akiondoka na treni ya alfajiri. Ualimu wake ulikuwa wa kwaya tu, darasa hajawahi kusimamia hata siku moja, lakini jina likishakamata limekamata.

Mimi nilikuwa chuo kikuu, nikiandika tasnifu juu ya jambo ambalo kila nilipolitaja watu walinionea huruma. Nilisoma wanafalsafa wa Italia wa zaidi ya miaka mia nne iliyopita, watu walioamini kwamba ulimwengu umeumbwa kwa muziki. Hawakusema hivyo kwa mfano, walimaanisha kabisa. Walirithi kwa Wagiriki wa kale kwamba ukiuzuia uzi wa ala katikati unapata sauti ileile kwa juu, ukiuzuia kwenye theluthi unapata nyingine inayopatana nayo, na kwamba hesabu hizohizo ndizo zinazopanga mwendo wa sayari. Zohali, Mushtari, Mirihi, Jua, Zuhura, Utaridi na Mwezi, kila moja inaimba sauti yake, na zote pamoja ni wimbo mmoja usiokatika, ambao hatuusikii kwa sababu tumezaliwa ndani yake. Muziki wakaugawa mafungu matatu. Wa kwanza ni wa mbingu. Wa pili ni wa mwanadamu, yaani roho na mwili wake kupatana. Wa tatu ni huu wa koo na nyuzi, mdogo kuliko yote, ambao kazi yake ni kuiga hiyo miwili. Walikuwako hata matabibu walioandika nyimbo kama dawa, na mwenye huzuni akapewa wimbo wa Jua. Mimi binti wa Tanga, Mwislamu, nikijifunza mambo ya Wakristo wa Italia kwa Kiswidi, huku nalala kwenye nyumba ya Walutheri wa Bukoba! Mwalimu alifurahi sana kuwa na mtu wa kumtania. Nikitoka chumbani asubuhi ya Jumamosi, hata shikamoo yangu haijamalizika: “Marahaba, Zuhura. Wenzako wa angani wameamkaje? Zohali bado ana kikohozi?” Nilikuwa najibu kwamba Zohali anasalimia ila anaomba sauti ya nne iache kulala mazoezini.

Nilikwenda nao mazoezini kila juma, kwa sababu ukumbi wa kanisa lile dogo la matofali ulikuwa na joto kuliko chumba changu, na kwa sababu nilipenda. Nilikaa benchi la nyuma na Upendo. Kwaya ilikuwa ya mchanganyiko, Watanzania, Wakenya walioingia na kutoka kwenye Kiingereza bila kubisha hodi, Warundi, na Wakongo ambao kiongozi wao alikuwa Papa Kalala, dereva wa basi mwenye sauti ya nne inayotetemesha vikombe. Waliimba bila ala. Mwalimu alipuliza kifilimbi chake mara moja, kila sauti ikachukua noti yake, halafu hakuna msaada mwingine mpaka amina. Ila kulikuwa na wimbo mmoja wa Pasaka ambao kwao ulikuwa kama bendera: beti za mwanzo kwaya inaimba peke yake, na ubeti wa mwisho kinanda cha mabomba kinaingia kwa nguvu na kanisa zima linasimama. Pasaka iliyotangulia, kabla sijahamia kwao, kinanda kiliingia kikakuta kwaya haipo mahali pake. Walikuwa wameteremka beti baada ya beti bila kujua, na kinanda, ambacho hakiteremki, kikawa juu yao kidogo, si mbali si karibu. Papa Kalala alinisimulia huku akicheka mpaka machozi. “Ilikuwa kama mbuzi mbili bameingia mu mulango moja, dada. Batoto banacheka, mapadri banacheka!” Mwalimu hakucheka. Kwa watu wanaoonekana kila siku kama wafagiaji na wabeba mizigo, siku ile moja ya kusimama mbele ilikuwa kitu kikubwa, naye aliona ameiharibu.

Mwezi wa Septemba, mazoezi yalipoanza tena, waliujaribu wimbo ule na wakateremka tena. Mwalimu akapuliza kifilimbi mwishoni kuhakikisha, akakitoa mdomoni, akakitazama kama vile kimemtukana. Kisha akasema, akiangalia dirishani: “Kuna mtu kwenye sauti ya pili anatuvuta chini.” Jina hakutaja. Lakini ukumbi mzima ulijua nani anaibeba sauti ya pili, na nani wengine wote humfuata, na macho ya watu hayana adabu. Mama Upendo akainamisha uso kwenye karatasi yake. Wakarudia wimbo kutoka mwanzo, na safari hii hawakushuka sana, ila wimbo ulikuwa kama wali uliopoa. Upendo akanigusa kiwiko. “Kolla på mamma,” akasema, nami nikamtazama mama yake. Midomo ilikuwa inacheza, koo limetulia. “Hon låtsas,” mtoto akasema, na sikuhitaji kamusi. Alikuwa anajifanya tu kuimba.

Akaendelea hivyo Oktoba yote, na Novemba, na Krismasi. Nyumbani hapakuwa na ugomvi, na hilo ndilo lililoniumiza. Ugomvi ningeusikia kupitia ukuta wangu na kujua umefika wapi. Badala yake nilisikia adabu. “Chai ipo?” “Ipo.” “Asante.” “Karibu.” Mwalimu alikuwa mtu wa kusimulia mambo ya kiwandani wakati wa kula, nani kagombana na msimamizi, nani kaangusha nini, lakini sasa alikula haraka na kwenda kukaa na karatasi zake za nota. Alinunua kinanda kidogo cha umeme, akawa anakwenda nacho mazoezini, kila sauti inaimba na kinanda pembeni kama mtoto anayeshikwa mkono. Kweli hawakushuka. Lakini hata yeye aliona kwamba watu wanaangalia saa. Papa Kalala ndiye aliyethubutu kusema: “Mwalimu, batu bamechoka. Iyi mashini inatuua, vraiment. Tunaimba kama batu banangojea daktari.” Mwalimu akajibu kwamba bora kungojea daktari kuliko kuchekwa na watoto. Mama Upendo alikuwa anafunga vifungo vya koti la Upendo na hakuinua macho.

Jengo letu lilikuwa na chumba cha kufulia chini kabisa, na kila nyumba iliweka zamu yake kwa kufuli ndogo ubaoni. Zamu yetu ilikuwa Jumamosi asubuhi. Siku moja nilishuka na kapu langu la mashuka, na kabla sijafika mlangoni nikasikia mtu anaimba. Mashine kubwa ilikuwa inakamua nguo kwa mvumo mmoja usiobadilika, na juu ya mvumo ule Mama Upendo alikuwa anaimba sauti ya pili ya wimbo wa Pasaka, peke yake, bila wenzake, kama mtu anayesema upande wake tu wa mazungumzo. Nilisimama kwenye ngazi na kapu kiunoni. Nilikuwa nimesoma kurasa nyingi kuhusu sauti zinazopatana, na pale kwenye ngazi ndipo nilipoisikia mojawapo. Kila alipofika kwenye noti ya mi aliiweka chini kidogo kuliko kinanda cha umeme kingeiweka, na hapo mvumo wa mashine na sauti yake vikashikana mpaka chumba kikaonekana kimepanuka. Ilikuwa tamu. Nilipoingia akanyamaza na kuanza kulaumu kelele za mashine. Nikamuuliza moja kwa moja kwa nini haimbi kwenye kwaya. Alikunja shuka, akalikunja tena. “Mwanangu,” akasema, “mtu akisema mchuzi umezidi chumvi, na mpishi ni mmoja, utangoja kutajiwa jina?” Nikamwambia labda Mwalimu alikosea. “Hakukosea,” akasema. “Mimi mwenyewe nasikia tunashuka. Nikinyamaza, hatushuki. Basi nanyamaza.” Alisema bila uchungu, na ndiyo maana sikulala vizuri siku ile. Mwanamke yule alikuwa amekubali kwamba kipaji chake ni kosa, na asingekuwepo mtu wa kumwambia vingine angekufa nacho kwenye chumba cha kufulia.

Sasa ningependa kusema kwamba nilikwenda maktaba kumtafutia dawa, lakini ukweli nilikwenda kwa sababu profesa wangu alikuwa anadai sura ya tatu. Waitaliano wangu walikuwa wamefika mahali pa kugombana. Baadhi walisema hesabu za mbingu ni timilifu na mwimbaji mzuri anazifuata. Wengine wakawajibu: chukueni wimbo, uimbeni kwa hesabu hizo tamu kabisa, mpande na kushuka mrudi mlikoanzia, na mtakuta si pale. Mtakuwa chini kidogo. Chembe tu, lakini kila mkizunguka chembe nyingine inaongezeka. Nilisoma aya ile mara nyingi. Nje ya dirisha la maktaba theluji ilikuwa imeacha kudondoka na watu walikuwa wanasukuma baiskeli zao. Nikafunga kitabu, nikapanda treni ya kijani, na njia nzima mpaka Hagsätra nilikuwa nauimba wimbo wa Pasaka kimoyomoyo, nikitafuta chembe.

Jumapili mchana Mwalimu alikuwa mezani jikoni na kikombe chake, peke yake. Nikaazima gitaa la Papa Kalala, lililokuwa limeachwa kwetu, nikaketi mbele yake na kumwambia kwamba leo sayari zimeleta jibu. “Haya,” akasema, bila utani wa kawaida. Nikamwonyesha. Kuna mi inayopendwa na sikio, na kuna mi ya kinanda, na ya kinanda iko juu kidogo. Kinanda kimedanganywa kidogo kwenye karibu kila noti, kwa makusudi, ili nyimbo zote zipite bila kugombana. Koo halijadanganywa. Sauti ya pili ikiiweka mi mahali patamu, sauti ya tatu inajipima kwake, ya nne inajipima kwa ya tatu, na wote wakirudi nyumbani wanakuta nyumba imesogea chini. Ni kama fundi anayekata vipande vya kitambaa, na kila kipande anakipima kwa kile alichokata mwisho badala ya kile cha kwanza. Kila kipande kiko sawa na mwenzake, ila cha kumi si sawa na cha kwanza. Mwalimu alishika kichwa. “Kwa hiyo Mungu kapanga mbingu kwa hesabu isiyofunga?” Nikamwambia swali hilo liliwanyima usingizi watu wakubwa kuliko sisi, na wengine waliona heri kutolisikia. Kisha akauliza: “Sasa mkweli nani, koo au kinanda?”

“Koo.”

“Na huyo anayetuvuta chini?”

Sikutaja jina, kama naye alivyofanya. “Ni yule mwenye sikio zuri kuliko wote, Mwalimu. Anaiweka mi pale inapotaka kukaa. Wengine wanamfuata kwa sababu hawawezi kutomfuata.”

Sebuleni pasi ilikuwa inapita juu ya nguo. Mama Upendo alikuwa hapo, na ukuta wa upande ule haukuwa mnene zaidi ya wangu. Pasi ikasimama, kisha ikaendelea. Mwalimu akainuka, akachukua kikombe chake, akakiosha. Sijawahi kumwona akiosha kikombe. Akakifuta, akakiosha tena, akakiweka mahali ambapo vikombe havikai.

Nilidhani ataingia sebuleni siku hiyohiyo. Hakuingia. Wanaume wa rika lake walifundishwa kuomba kazi, kuomba mke na kumwomba Mungu. Kuomba radhi ilikuwa somo la hiari. Nilimkasirikia wiki nzima na kukataa utani wake wa sayari. Kisha, siku moja baada ya kazi, akanikuta kituoni na kusema nimfuate kwa Birgitta, mpiga kinanda wa kanisa, mwanamke mwembamba mwenye viatu maalumu vya kupigia kinanda ambavyo alivitunza kwenye mfuko wa pamba. Mwalimu alisema ananihitaji kama mkalimani, maana Kiswidi chake ni cha karakana. Alikuwa anakijua vizuri. Aliogopa kwenda peke yake. Akamwomba Birgitta, ubeti wa mwisho wa wimbo wa Pasaka, apige nusu toni chini ya ilivyoandikwa. Birgitta akaniangalia mimi, akamwangalia yeye. “Na kama hamkushuka?” Mwalimu akasema, “Tutashuka.” “Utajuaje?” Hapo Mwalimu akakosa Kiswidi kweli, akaniambia kwa Kiswahili, “Mwambie yupo mtu.” Nikatafsiri. Birgitta akavua miwani, akaifuta kwa sketi, akasema yuko tayari kujaribu jambo la kijinga mara moja kila mwaka, na mwaka huu bado hajalitumia.

Hesabu zilikuwa zangu, na nilizifanya kwa fahari ambayo tasnifu haikuwahi kunipa. Beti walizokuwa wakiimba peke yao hazikutosha kuwafikisha nusu toni kamili, ndiyo maana Pasaka ile walikwama katikati, mahali pabaya kuliko yote. Tukiongeza ubeti mmoja tungefika, au tungefika karibu kiasi cha sikio kusamehe. Lakini yote yalitegemea Mama Upendo. Akiimba, mi yake ingewashusha wote pamoja kwa utaratibu. Akinyamaza, kwaya ingebaki juu, kinanda kingeingia chini, na Pasaka ya mbuzi wawili ingekuwa ndogo mbele ya hii. Mwalimu akatangaza mazoezini kwa maneno machache, kifilimbi kikizunguka vidoleni: “Kinanda cha umeme nimekirudisha dukani. Mwaka huu tunashuka kwa makusudi, na Birgitta atatungoja huko chini. Sauti zote zimsikilize Mama Upendo.” Kwaya ikanong'ona. Papa Kalala akapiga makofi peke yake. Mama Upendo alisoma karatasi yake, wimbo ambao alikuwa anaujua kabla hajaolewa. Wakaanza. Nikatazama koo lake, na koo lilikuwa limetulia.

Mazoezi yote yaliyobaki ilikuwa hivyo. Midomo inacheza, sauti haitoki, kwaya haishuki ipasavyo. Birgitta alikuja mara moja kusikiliza, akaniuliza kando kama yule mtu ameshawasili. Nikamwambia Mwalimu tubadilishe mpango, turudishe kinanda kwenye nota zake za zamani. “Hapana,” akasema. “Basi zungumza na Mama Upendo,” nikasema. “Nimeshazungumza.” Kwake yeye, kumwambia Birgitta yupo mtu kulikuwa kuzungumza. Nikaingia chumbani nikafunga mlango kwa nguvu kuliko mpangaji anavyoruhusiwa.

Pasaka ikafika na jua kali lisilo na joto. Madhabahuni palikuwa na maua ya njano na matawi ya mbetula, mti wa gome jeupe, yaliyofungwa manyoya ya rangi, kama wafanyavyo huku. Mimi na hijabu yangu nilikaa kwenye kinanda, ubavuni, nimfungulie Birgitta kurasa nilizomwandikia kwa mkono, na kutoka pale niliwaona wote: kwaya kwa uso, Mwalimu kwa upande, Upendo benchi la mbele akining'iniza miguu. Kifilimbi kikalia. Ubeti wa kwanza ulikwenda safi, umenyooka, umepoa. Hatukushuka hata kidogo. Birgitta aliweka mikono mapajani na kuniangalia. Ubeti wa pili ukaanza, na Mama Upendo hata midomo akaifunga.

Mwalimu aliona. Mkono wake wa kulia uliendelea kupiga wakati, lakini wa kushoto aliushusha, akaugeuza kiganja juu upande wa sauti ya pili, akauacha hapo, kama mtu anayemwonyesha mgeni kiti. Hakuutikisa wala hakusihi, aliuacha tu pale. Katikati ya ubeti mkono ule ulikuwa bado uko hapohapo. Mama Upendo aliutazama mkono, hakumtazama mwenye mkono. Kisha akafungua kinywa, na mi ikakaa mahali pake.

Sijui niandikeje. Sauti zilizokuwa zimesimama kila moja peke yake zikaketi pamoja. Papa Kalala aliinua nyusi na kuifuata, sauti ya tatu ikaifuata, na nikasikia kwaya nzima inaanza kuteremka taratibu, bila mtu kugombana na mtu, kila mmoja yuko sawasawa na jirani yake. Ubeti wa tatu, wa nne. Mwalimu akainamisha kichwa kusikiliza, na mimi pia nikasikiliza, na wote wawili tukajua hatujafika. Tulikuwa tumepoteza ubeti mzima na nusu kwa kumngoja. Birgitta alikwishainua mikono. Ndipo Mwalimu akazungusha kidole hewani, ishara yao ya kurudia, na kwaya ikarudia ubeti, na ubeti ulipokwisha akakizungusha tena, bila aibu, kanisa likidhani ndivyo wimbo ulivyo. Mama Upendo alikuwa anaimba sasa kama aimbavyo kwenye chumba cha kufulia. Mwalimu akafumba macho, akangoja mpaka alipojua tumefika, akamnyooshea Birgitta mkono.

Kinanda kikaingia, kikawakuta. Watu wakasimama kwa mazoea, hakuna aliyejua kwamba jambo limetokea, na Birgitta, masikio mekundu, alikuwa anacheka huku anapiga. Maisha yangu yote baadaye nimefundisha muziki kwenye shule ya watu wazima, na wanafunzi huniuliza kama wale wa kale waliamini kweli kwamba sayari zinaimba. Huwajibu kwamba waliamini, na kwamba walisumbuka sana kutafuta ni nani aliyeshika noti ya kwanza huko juu. Mimi nilichojifunza mwaka ule ni kwamba hakuna aliyeishika. Kuna wanaosikilizana tu. Nilikuwa na furaha siku ile, furaha ya kushiba, na neno kubwa zaidi sina.

Nyumbani Mama Upendo alikuwa ameandaa sato mzima, aliyenunuliwa duka la Vårby gård, amekaangwa na kutiwa nazi, na ugali. Tuliketi wanne. Upendo alisimulia kwa Kiswidi jinsi bibi mmoja benchi la nyuma alivyolia. Mwalimu alikula akikata matonge madogo kuliko kawaida yake. Tulikuwa katikati ya chakula Mama Upendo aliposema, kwa sauti ya kuuliza chumvi:

“Baba Upendo. Ile Septemba, uliposema kuna mtu anatuvuta chini. Ulinisema mimi?”

Nikaangalia sahani yangu. Mwalimu aliacha kutafuna.

“Nilikusema wewe,” akasema. “Nami nilikosa.”

“Basi,” akasema Mama Upendo. “Nilitaka uniambie mwenyewe.”

Kisha akachukua kichwa cha samaki, fungu la baba mwenye nyumba, ambacho tangu Septemba alikuwa akinipakulia mimi, akakiweka kwenye sahani ya mumewe.